Maombezi yasikucheleweshe, mama

Mama wa Katindiuka, leo naongea na wewe kama dada yako, usininunie.

Kuna mtoto alitufia mikononi kwa degedege. Mama yake alikuwa bado ameshika kichupa cha mafuta ya upako. Walikesha kwenye maombezi, asubuhi ndiyo wakatuletea. Kipimo kikasoma malaria, sukari ilishashuka. Macho yakigeuka na meno yakikaza, mtu anaona mashetani, naelewa, inatisha.

Lakini nikuulize, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara imetoka wapi? Ni kazi ya Wakapuchini na Masista wa Baldegg kutoka Uswisi. Watu wa sala kila siku, asubuhi na jioni, kutuzidi mimi na wewe! Walipokuta watu wa bonde hili wanaugua, hawakuishia kuombea. Wakatibu, wakachoma sindano, wakazalisha. Miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel naye akaanzisha maabara hapa hapa kuchunguza magonjwa yetu. Ndiyo leo tunaiita Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa hiyo anayekwambia kwenda hospitali ni kukosa imani amekosea, hata awe mchungaji wako. Mimi mwenyewe nasali nikitafuta mshipa wa mtoto (ile mishipa midogo, jamani!).

Degedege ikimshika mwanao, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mvue nguo nzito, ita bajaji. Mtaomba humo humo njiani.