MADUKA YA SAMAKI WA MAPAMBO YANAFUNGWA: TUNAPOTEZA NINI?

Na mwanachama, Kidato cha Nne

Wasomaji wapenzi, kabla hujafungua ukurasa wa vichekesho, hebu nipe dakika tano tu. Najua wengi wenu mkisikia neno "samaki" mate huwadondoka, mkawaza ugali na sukuma wiki. Leo sizungumzii samaki wa kuliwa. Nazungumzia samaki wa mapambo, wale wa rangi za kupendeza wanaofugwa katika matangi ya kioo. Na hasa nazungumzia maduka yaliyokuwa yakiwauza, ambayo sasa yanafungwa moja baada ya jingine huku sisi tukitazama tu kana kwamba hayatuhusu.

Katika mtaa wetu hapa Nairobi palikuwa na duka moja la aina hiyo. Lilikuwa duka dogo, lenye giza kidogo, na ukiingia ulilakiwa na mlio wa pampu za hewa, bubububu, mchana kutwa. Mwenye duka alikuwa mzee mmoja mpole wa sura lakini mkali wa kauli. Nilikwenda kwake mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, nimebana noti ya shilingi 200 mkononi kama mtu aliyebeba dhahabu. Nikamwonyesha gapi wawili wenye mikia ya rangi ya chungwa.

"Tangi umelijaza maji lini?" akaniuliza.

"Leo asubuhi, Mzee."

"Basi rudi nyumbani, kijana wangu. Washa pampu yako, tia chembe ya chakula kila siku kana kwamba samaki wamo, kisha uje baada ya mwezi."

Ala! Duka gani hili linalokataa pesa? Nilitoka pale nimenuna, machozi yakinilengalenga. Nilidhani mzee yule ananidharau kwa sababu ya udogo wangu. Sikujua kwamba alikuwa amenifunza somo ambalo ningekuja kulikuta tena katika maabara ya kemia miaka mingi baadaye.

Ukweli ni kwamba samaki huishi katika choo chake mwenyewe. Hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia zaidi. Amonia hiyo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa mradi maji yabadilishwe mara kwa mara. Bakteria hao hawanunuliwi kama sukari. Huzaliana polepole, na tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita kabla halijawa tayari. Isitoshe, maji ya mfereji hutiwa klorini ili sisi tusiugue, lakini klorini hiyo hiyo huyachoma matamvua ya samaki. Mzee alikuwa akituambia tuyaache maji wazi kwenye ndoo kwa siku nzima ndipo tuyatumie. Haya yote hayakuandikwa popote dukani mwake. Uliyapata kwa mdomo, bila malipo, hata kama hukununua kitu.

Duka lile lilifungwa mwaka 2021. Leo hapo alipokuwa mzee panauzwa vifuniko vya simu.

Kwa nini maduka haya yanakufa? Sababu ni nyingi. Kwanza ni kodi ya nyumba, ambayo haingoji samaki wanunuliwe. Pili ni stima. Mwuza viatu akifunga duka jioni huzima taa akaenda zake, lakini mwuza samaki hawezi kuzima pampu, wala hawezi kuzima kipasha joto usiku wa Julai jijini Nairobi, maana gapi akipigwa na baridi huugua. Tatu, mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa Korona pamoja na kafyu, wanunuzi walitoweka, lakini samaki hawakuacha kula. Aliyebaki na matangi yaliyojaa aliendelea kugharamika hata siku ambazo hakuuza hata mmoja.

Sababu ya nne ndiyo inayonikera, kwa maana ni sisi. Tulianza kwenda dukani kuuliza maswali, kisha tukitoka tunanunua kwa bei nafuu kwenye simu au kando ya barabara. Ushauri tuliuchukua kwa mzee, pesa tukazipeleka kwingine. Nasema "tuli" kwa sababu na mimi nimo.

Mwaka jana kitindamimba wetu alitimiza miaka saba. Nikataka kumfurahisha. Nikaona kwenye simu picha ya samaki wa dhahabu wawili ndani ya bakuli la kioo, bei ya chini mno. Nikaagiza. Wakaletwa kwa bodaboda wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimpigia muuzaji kumwuliza kuhusu maji, kwa sababu maneno ya mzee yalikuwa bado yananikereketa moyoni. Akanijibu, "Maji ni maji, bwana, weka tu." Nami kwa kuona jinsi mtoto alivyokuwa akirukaruka kwa furaha, nikaweka. Siku ya tano wote wawili walikuwa wakielea tumbo juu. Dada yangu alilia hadi akashindwa kwenda shule. Nilipompigia muuzaji tena, nikaambiwa mteja hapatikani. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapa wapo watakaoniambia, "Wewe unapinga maendeleo. Vijana wanajitafutia riziki, waache." La hasha! Siwapingi. Kijana anayeuza samaki kandokando ya barabara kuu ana haki ya kula kama mtu yeyote, na wapo wauzaji wa simuni wanaofuga samaki wao wenyewe na wanaowajua vizuri kuliko wenye maduka. Aidha, si kila mwenye duka alikuwa kama mzee wetu. Nimeingia katika maduka yaliyokuwa na samaki wagonjwa na maji ya kijani, na mwenyewe amelala. Ninachotetea si kuta nne na mlango. Ninachotetea ni kuwa na mahali ambapo mnunuzi anaweza kurudi.

Neno hilo "kurudi" ni zito kuliko mnavyodhani. Samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole anaweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi. Yule aitwaye koi hupita sentimita 60. Akishakuwa mkubwa kuliko bakuli, utampeleka wapi? Mzee wetu alikuwa akiwapokea na kuwatafutia mwenye kidimbwi. Muuzaji asiyepatikana hampokei mtu. Basi watu humwaga samaki mtoni au bwawani, wakidhani wamefanya wema.

Si wema huo. Tuangalie Ziwa Victoria. Mbuta alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na watu wazima wenye nia njema ya kuongeza kitoweo. Ziwa lile lilikuwa na zaidi ya aina 500 za samaki wadogo tuwaitao fulu, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, mamia ya aina hizo yalikuwa hayaonekani tena, na mbuta alikuwa mmoja wa wakosaji wakuu. Baadhi ya fulu waliosalia wametunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Huoni ajabu? Mtoto wa ng'ambo anaweza kumtazama samaki wa Kisumu nyuma ya kioo, na sisi tunaagiza samaki wa dhahabu ambaye asili yake ni Uchina.

Mzee alikuwa na tangi moja la fulu pale kona ya nyuma. Tulilicheka, kwa sababu wengi wao walikuwa wa kijivu. Alikuwa akisema, "Hawa ndio wenu, hao wengine ni wageni." Hakuna aliyewanunua, nami pia sikununua. Leo ningetoa chochote nilione tangi lile tena.

Basi tufanyeje? Kwanza, kabla ya kununua samaki, mwulize muuzaji maswali matatu: Huyu atakua kiasi gani? Anahitaji maji ya namna gani? Na nikishindwa, utampokea? Akikujibu kwamba maji ni maji, funga mfuko wako wa pesa. Pili, ukipata duka ambalo bado linapumua, na mwenyewe anajua kazi yake, nunua kwake, hata kama amezidisha shilingi 50. Hiyo hamsini ni karo ya mwalimu. Tatu, namwomba mwalimu wetu wa bayolojia atupe meza moja katika maabara. Tangi tutatafuta, zamu za kubadilisha maji tutapanga wenyewe, na fulu tutawaulizia kwa wenzetu wanaotoka upande wa ziwa. Watakaohitimu watawaachia wadogo zao, na ujuzi hautafungwa kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini, ndugu zangu, wa kuulizwa naye lazima awepo. Dada yangu ameniomba samaki wengine. Nimemwambia angoje mwezi mmoja. Amenuna, kama nilivyonuna mimi. Bakuli nimelitupa, tangi nimelijaza maji, pampu inalia bubububu, na kila jioni ninatia chembe ya chakula kana kwamba samaki wamo.