Midterm Tunafunga Ijumaa, Mwenye Kwao ni Juba Aende Wapi?

Wasee, kila msimu wa kuripoti shule video huwa ni zile zile. Sanduku la bati limepigwa rangi, godoro limefungwa kamba juu ya matatu, mathe analia getini, kijana anajifanya mgumu. Hata mimi nimeziposti na mkazitazama sana. Lakini kuna mtoto hamumwoni kwa hizo video. Huyo ametoka Juba kwa basi, akavuka mpaka Nimule, akakata Uganda nzima, akaingia Kenya akiwa amevimba miguu. Aliyemfikisha shule ni binamu, na binamu mwenyewe anaangalia saa.

Boarding za Kenya zina wanafunzi wa nje wengi kuliko mnavyofikiria. Wako Wasomali, Wakongo, Watanzania, Warwanda. Mimi nitaongea kuhusu Wasudani Kusini kwa sababu niliketi deski moja na mmoja wao miaka minne, kutoka 2017. Mlioko Nakuru na Eldoret mnajua vile familia zao zimejaa huko: mama na watoto wako huku juu ya shule, baba amebaki Juba na kazi. Hao wana bahati. Naongea kuhusu wale ambao hata mama hayuko huku.

Kitu kinaniudhi ni lile neno "atazoea". Mwalimu analisema, matron analisema, wanafunzi wanalisema. Na kweli kuna vitu mtu huzoea. Deskie wangu alikuwa amezoea kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia. Akakutana na githeri ya shule, ile yenye mahindi magumu na maharagwe ya kuhesabu. Mwezi wa kwanza alikonda. Muhula wa pili alikuwa anagombania ukoko na sisi wengine, tena kwa nguvu. Baridi ya saa kumi alfajiri alizoea. Uji bila sukari alizoea.

Kiswahili nacho kilikuwa noma. Jua kwamba KCSE haikuulizi umetoka wapi. Kiswahili ni lazima, karatasi tatu: insha, lugha, fasihi. Mtu alikuja na Kiingereza na Kiarabu cha Juba, halafu wakati wetu akapewa Chozi la Heri na Kigogo ati achambue wahusika. Alichonishangaza ni kwamba alianza kuwinda maneno. Kitabu, sukari, sabuni, wakati, samaki: kila akipata neno linalofanana na la kwao anapiga meza, "Hii ni yetu!" Mwishowe alinishinda kwa alama, na mimi ndiye nilizaliwa nikiongea hiyo lugha. Msinicheke.

Kwa hivyo sio kwamba hawajaribu kuzoea. Wanazoea kutuliko. Tatizo ni kuna vitu vingine haviwezi kuzoeleka, kwa sababu ratiba ya boarding iliandikwa na mtu aliyedhani kila mwanafunzi ana kwao, na kwao ni mahali matatu inafika.

Chukua midterm. Siku nne, wakikuonea huruma tano. Basi la Juba linakula zaidi ya siku nzima kwenda tu, na kurudi ni hivyo hivyo. Ndege ni ya wenye nazo. Kwa hivyo haendi. Lakini pia hakai, kwa sababu bweni linafungwa na jikoni linafungwa. Ijumaa saa nne asubuhi tunatolewa sote getini na mabegi. Mimi napanda gari naenda kula chapati. Yeye anasimama pale akipigia binamu simu kwa kibanda, na simu ya binamu imezimwa.

Kutumwa karo ndiyo mbaya zaidi. Mkenya akitumwa karo anaenda nyumbani, anagombezwa, anachunga ng'ombe siku tatu, anarudi na nusu ya pesa. Mwanafunzi wa nje akitumwa karo anatumwa wapi? Tukiwa kidato cha pili depu alisoma majina gwarideni na la deskie wangu lilikuwa ndani. Alijaribu kueleza kwamba baba yake ametuma pesa kwa mjomba na mjomba bado hajalipa. Akaambiwa akalete huyo mjomba. Alikaa nje wiki mbili. Aliporudi hakusema alilala wapi, na mpaka leo sijamuuliza tena. Alikuwa na miaka kumi na tano, wasee. Kwa nchi ya watu.

Halafu Machi 15, 2020, mnaikumbuka ile Jumapili. Rais akatangaza shule zifungwe, wa boarding wawe wamefika nyumbani kufikia Jumatano. Kwa wengi wetu ilikuwa sherehe, tulidhani ni wiki mbili. Siku kumi baadaye ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na mipaka ikakazwa. Mtu ambaye hakuwahi kuvuka ndani ya zile siku chache alibaki Kenya akihesabu nyumba za watu zitakazomchoka. Sisi watahiniwa tuliitwa tena Oktoba. Sijawahi kuona mtu akifurahia kengele ya saa kumi na moja kama yeye.

Najua wengine mshaanza kuandika kwa comments, "Lakini hao wako na doo, baba zao ni majenerali." Wako wachache, ndio, tunawaona na viatu vyao. Wengine karo yao ni ng'ombe waliouzwa, ama mjomba mmoja analipia watoto tisa. Na hata angekuwa wa jenerali, bweni likifungwa linafungwa kwa wote.

Kuna hii nyingine ya "wametoka vitani, hao ni wagumu". Aki hiyo acheni. Vita vilianza Desemba 2013 na Juba ikapigana tena Julai 2016, miezi michache tu kabla ya huyu kijana kukaa kando yangu. Bwenini waliwekwa yeye Mdinka na mwingine Mnuer kitanda kimoja cha ghorofa, ati ni ndugu wataliwazana. Wiki nzima hawakusemezana, na hakuna mtu mzima aliyeuliza kwa nini. Shule nzima iliwaita wote wawili "Sudan". Sudan njoo, Sudan leta kikombe. Hata jina la nchi yao tulikosea, na wamekuwa huru tangu 2011.

Shule zinazochukua watoto wa nje zinapenda sana kuweka bendera zao kwa tovuti. Sawa. Basi ziache bweni moja wazi midterm, na mpishi mmoja, na matron mmoja alipwe kwa hizo siku nne. Zichukue namba ya mtu mzima wa pili siku ya kusajili, kwa sababu wa kwanza atahama. Zimpe dakika kumi za simu Jumapili, maana visiting hapati mtu. Na karo ikichelewa, mpigie mzazi aliyeko Juba. Mtoto mwache darasani.

Mathe wangu alimchukua midterm nne. Hakufanya maajabu yoyote, aliongeza tu unga. Jamaa alikuwa anaosha vyombo kabla hajaambiwa hadi mimi nikaanza kulinganishwa naye, hiyo sikuipenda. Jumamosi jioni anaazima simu ya mathe anaenda nyuma ya nyumba. Dakika saba, nane. Akirudi anakuwa mwingine, anaongea na kucheka mpaka usiku.

Wewe uliye shule saa hii, angalia darasani kwenu ni nani haongei kuhusu midterm ikikaribia. Uliza mathe wako kwanza, usimletee mgeni wa ghafla. Halafu mwambie aandike barua na aweke namba yake ya simu na ya kitambulisho, kwa sababu bila hiyo karatasi boarding master hamwachilii mtu. Ipelekeni mapema, isiwe ile asubuhi ya kufunga.