"Discard" si "kutupa" tu

Katika kazi zetu za tafsiri kuna neno la Kiingereza ambalo karibu sote tunalipita mbio: discard. Tunafungua kamusi ya Kiingereza na Kifaransa, tunakuta jeter. Kutoka jeter tunaandika kutupa, na kazi imekwisha. Kwa maoni yangu njia hiyo ya mkato inatupoteza, na hasara yake haiishii kwenye karatasi ya mtihani.

Tuanze na asili. Discard ni neno la wacheza karata. Lilianza kuandikwa katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, likiundwa na dis- na card, kwa maana ya kutoa mkononi karata isiyotakiwa. Kifaransa nacho kina écarter ya mchezo huohuo, iliyotokana na carte. Mzizi wa mbali ni neno la Kigiriki khartes, yaani karatasi ya mafunjo. Hapo Kiswahili nacho kimo: karata tuliipata kwa Wareno, na karatasi ilitufikia kwa njia ya Kiarabu, qirtas, kutoka Kigiriki kilekile. Discard, karata na karatasi ni ndugu wa ukoo mmoja.

Lakini udugu si usawa wa maana. Kwa Kiswahili, anayetupa karata anacheza. Huenda hiyo ndiyo karata yake bora. Kwa Kiingereza, anayefanya discard ameitazama karata, akaipima, akaamua kwamba haina kazi tena. Kiini cha neno ni uamuzi. Mwendo wa mkono ni ziada.

Kutupa kwetu hakudai uamuzi huo. Mvuvi wa Vitshumbi hutupa nyavu katika Ziwa Edouard akitumaini kuzivuta na samaki. Akirudisha majini samaki wadogo, hiyo ndiyo discard. Tukiandika kutupa mara mbili katika sentensi moja, msomaji atadhani nyavu na samaki wamepatwa na jambo lilelile.

Hata kwa watu tofauti ipo. Shangazi wa Kiwanja asipotembelewa miezi mingi atasema, "Mmetutupa!" Analalamika kwamba amesahauliwa. Katika King Lear, tamthilia iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1608, Shakespeare anamfanya mfalme awataje baba waliofanyiwa discard na watoto wao. Lear hakusahauliwa: aliwagawia binti zake ufalme, na alipokuwa hana tena cha kutoa, wakaona hafai. Karata imekwisha kutumika. Mtafsiri anayeandika "baba waliotupwa" hajakosea, ila ameacha nusu ya uchungu nje.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya fasihi tu, na asome chupa ya dawa. Dawa nyingi za maji za watoto, zile za unga unaochanganywa na maji, huandikwa discard baada ya siku 7 au 14, kulingana na dawa. Tukitafsiri "tupa baada ya siku 7", tumetaja tendo na kuficha sababu. Mama wa Kiwanja aliyenunua dawa hiyo kwa shida anasikia ubadhirifu: kwa nini nitupe kitu kilichobaki nusu chupa? Ataihifadhi kwa mdogo wake atakapougua. Mwingine atatii, ataitupa nyuma ya nyumba, na watoto wataiokota. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu kabisa. Kilichohitajika ni hiki: "Baada ya siku 7 dawa hii haifai tena, usimpe mtu yeyote, na usiiache mahali watoto wanapofika." Ni maneno mengi kuliko discard, lakini ndiyo maana yake.

Najua kuna watakaonijibu kwamba tunayo "kutupilia mbali", ambayo magazeti ya Kenya na Tanzania huitumia mahakama inapokataa ombi. Kweli, hiyo imebeba uamuzi, na kwa hoja au nadharia inafaa. Kwa dawa haifai, kwa samaki haifai. Tunayo pia kuweka kando, kuondoa, kuachana na, na hata kuchambua, ambayo kila anayeandaa maharagwe Rutshuru anaijua: kwanza jicho, kisha mkono. Utajiri upo, tunachokosa ni subira ya kuchagua.

Ombi langu kwa walimu wetu ni kwamba neno la namna hii lisitolewe peke yake kwenye orodha ya msamiati. Litolewe ndani ya sentensi tatu: ya mchezo, ya fasihi na ya chupa ya dawa, na mwanafunzi anayeandika kutupa katika zote tatu asipewe alama zote. Kwetu wanafunzi, wengi tutafanya kazi ya kutafsiri kwenye zahanati na mashirika ya msaada. Huko hakuna mwalimu wa kusahihisha. Kuna mama mwenye chupa mkononi.