Turbo ya Nini Kwenye Barabara ya Bafwasende?

KANDO YA MTO
Safu ya kila wiki ya Salumu Bosongo

Msomaji mmoja, asistenti wa chuo kikuu hapa Kisangani, ameniletea swali linalostahili safu nzima. Ana watoto watatu, wa nne yuko njiani. Pikipiki imechoka, na mkewe amechoka nayo zaidi. Amejinyima hadi dola zikatosha, sasa anatafuta steshenwagoni iliyokwisha kutumika: iwe na nafasi ya watoto na mizigo, lakini iwe na nguvu, isimwaibishe. Dalali wa Kampala amemtumia picha za Subaru Legacy GT ya 2005, nyeusi, rimu zinang'aa, na lile tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. "Papa Salumu, niichukue?"

Kwanza nimtetee, kwa sababu najua mashemeji watamcheka. Kupenda gari lenye nguvu si utoto, na Legacy si gari la kubezwa. Mwaka 1989 Subaru waliipeleka Arizona, Marekani, wakaikimbiza kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa. Sisi wa upande huu wa Afrika tunamkumbuka Patrick Njiru wa Kenya, aliyezipigisha Subaru kwenye Safari Rally watoto wakimshangilia kando ya barabara kama jamaa yao. Baba wa watoto wanne hajakatazwa kufurahia usukani.

Ila huo usukani wenyewe uko upande gani? Kongo tunaendesha kulia. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto, na gari linaloshuka Mombasa, likapita Kampala, likavuka Kasindi na kutufikia kwa njia ya Beni na Mambasa limetengenezwa Japani kwa barabara ya kushoto. Dereva wake hapa anakaa upande wa mtaro. Mjini utazoea haraka. Hatari iko nje ya mji.

Chukua siku ya kawaida kwenye barabara ya taifa namba 4, umeshaipita Bafwasende, unaelekea Nia-Nia. Mbele yako kuna lori la wafanyabiashara wa Butembo, magunia hadi juu, juu ya magunia watu, juu ya watu madumu matupu ya njano. Vumbi jekundu. Unataka kulipita. Mwenye usukani wa kushoto huchungulia kidogo tu akaona kama njia iko wazi. Wewe wa usukani wa kulia unaona ubavu wa lori na majani. Ili uone kinachokuja, sharti ulitoe gari zima hadi katikati ya barabara, na anayetangulia kufika huko ni mkeo, maana ndiye aliyekaa kushoto. Kwa hiyo yeye ndiye macho yako: "Ngoja. Ngoja kwanza. Kuna pikipiki. Haya, pita!" Nimeona wanandoa wanaosafiri hivyo kilomita mia kadhaa na wakafika wakiwa bado wanaongea, lakini si wengi.

Sasa weka turbo hapo. Toleo la Legacy GT lenye gia za mkono lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. Nguvu hizo hazimpi dereva jicho la ziada, zinampa tamaa. Mwenye injini ya lita 1.5 anajua kwamba hawezi, anatulia nyuma ya lori anakula vumbi mpaka kijiji kinachofuata. Mwenye farasi 280 anajiambia kwamba akikanyaga atakuwa amepita kabla ya chochote kutokea. Anafikiri hivyo akiwa haoni. Injini yenyewe haina kosa: ni nzuri, ila kwetu imefungwa kwenye gari lenye dereva wa upande usiofaa.

Taa nazo hazisemwi, na madalali hawatakukumbusha. Taa za mbele za gari la Japani, ukizipunguza usiku, mwanga wake huinuka kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kwao huko ndiko kuna ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unammulika machoni. Na ukingo wetu wa kulia, anapopita mama na beseni kichwani, na mwenye toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, asiye na taa wala kioo cha nyuma, unabaki gizani. Kadiri unavyokwenda kasi, giza hilo linakukaribia upesi zaidi. Kabla ya kununua rimu, tafuta taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za kulia. Kwa magari yaliyouzwa pia Ulaya zinapatikana; uliza Kampala, soko la Kisekka, ambako ukikosa kipuri umekosa kwa kweli.

Habari za Kampala zinanirudisha kwenye hizo picha. Dalali anasema gari limetoka Japani juzi. Apige hesabu upya. Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya mpaka wake ni miaka 8. Legacy ya 2005, kama si ya transiti, haikuingia Kampala juzi. Imekuwa huko miaka, ina matuta yake, ina mafundi wake, na pengine vijana wa mbio za Jumapili usiku walioijua turbo hiyo kuliko sisi. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisome kama unavyosoma ahadi za kampeni.

Halafu mafuta. Yetu huja kwa njia mbili: kwa boti kutoka Kinshasa, kilomita 1,734 za mto, au kwa malori kutoka mashariki. Maji yakipungua boti hukwama mchangani. Mvua ikizidi malori hukwama matopeni. Siku hizo tunawategemea akina Kadhafi, wauza mafuta wa mtaani, na chupa zao kando ya barabara, na kilichomo kwenye chupa anakijua Kadhafi na Mungu wake. Toyota ya kawaida inakunywa, inakohoa, inaendelea. Injini ya turbo iliyotengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu ikipewa mafuta hafifu huanza kugonga ndani, na ukiisukuma hivyo hivyo unaharibu pistoni. Mkanda wa taimingi wa Subaru hiyo nao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni zinakutana, na wewe unakutana na fundi. Sasa rudi kwenye zile kilomita za dashibodi unazoambiwa uziamini.

Nasikia tayari mtetezi wa Toyota akisema: basi achukue Noah. Familia nyingi zimefanya hivyo, na kwa nafasi hawajutii. Mimi sikubali, kwa sababu ya mlango. Noah nyingi za zamani zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto peke yake. Japani huko ni kwenye ukingo. Kwetu unafunguka katikati ya barabara, kwenye njia ya pikipiki. Simama mbele ya shule yoyote ya Makiso saa sita na nusu mchana, uangalie mtoto wa miaka sita akiruka nje ya mlango huo. Ukiweza kuangalia, nunua. Gari lenye milango minne ya kawaida linakuachia njia: unafunga kile kikufuli cha watoto kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, unakiacha hivyo moja kwa moja, na wote wanatokea kulia. Ni swichi ndogo pembeni mwa mlango, haigharimu hata franka.

Tuhesabu watu pia, kwa sababu naona msomaji wangu amehesabu farasi tu. Baba, mama, watoto wanne: sita. Legacy ina mikanda mitano. Corolla Fielder, ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri, mitano. (Kuna Fielder moja ya herufi Z, injini ya lita 1.8 ya farasi 190, ambayo nduguye mmoja yumo ndani ya gari la michezo la Lotus huko Uingereza. Ukiiona hapa imebeba makaa, ipigie saluti.) Na familia ya Kisangani haiishii kwa waliozaliwa. Atakuja mpwa kusoma, atakuja shangazi kutoka Lubunga kutibiwa, atavuka mto kwa pirogi akiamini kwamba ng'ambo hii kuna gari linamsubiri. Usiku jirani atagonga, binti yake ameshikwa na uchungu. Ukishakuwa na gari mtaani, wewe ndiye ambulansi.

Wazee walikuwa na jibu la jambo hili: Peugeot 504 ya familia, safu tatu za viti, na ekseli ya nyuma yenye springi nne badala ya mbili. Ilibeba ukoo na ndizi zao bila kukaa chini. Na 504 iliishinda Safari Rally mara mbili, 1975 na 1978, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba gari la familia na gari la michezo hayajawahi kuwa ndugu. Leo kuipata 504 nzima ni bahati nasibu.

Kilicho karibu nayo, kwa maoni yangu, ni Toyota Wish ya lita 1.8: safu tatu, milango minne ya kawaida inayofunguka kwa bawaba, injini ya cheni isiyo na mkanda wa kukatika. Iko chini kidogo, kwa hiyo fedha ulizotaka kulipia turbo zilipie springi imara, amortisa mpya za nyuma na matairi manne ya maana. Ukitaka raha ya usukani, iko hapo: gari lisiloyumba kwenye kona ya laterite lina utamu kuliko lile linaloruka mita mia na kusubiri shimo. Wish ya toleo la kwanza yenye herufi Z, yenye matao mapana, iachie wengine. Lita 2 zake hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda na haipatani na chupa za Kadhafi. Safu ya tatu ni ya watoto tu, na wakikaa watoto, nafasi ya mizigo nyuma imekwisha. Magunia ya mhogo yatapanda juu, kwenye keria.

Una ndugu Ubelgiji? Hapo mambo yanabadilika. Steshenwagoni ya usukani wa kushoto iliyopitia Antwerp, Matadi, Kinshasa, kisha botini hadi hapa, hata kama ni ya zamani na haina sifa yoyote ya mashindano, ningeichukua kabla ya Wish. Itachelewa, vipuri vitakusumbua, lakini utaona mbele.

Redio usiigombee. Za Kijapani nyingi huishia kwenye 90, na kwetu vituo vingi viko juu yake. Fundi wa redio atakufungia kifaa kidogo cha kuvishusha.

Siku ya kwenda kulijaribu gari, hata kama ni ile Legacy nyeusi imekung'ang'ania moyoni, nenda na mama watoto. Mketishe kushoto mbele, wewe ushike usukani, mtoke hadi kwenye barabara ya Bangboka mtafute lori. Ulipite kwa maneno yake yeye. Mkirudi mjini muulize kama ananunua au hanunui, na ukishajibiwa usibishane.