Asilimia 7.5 si bei ya kila mwenye ploti

Leo tuweke kando habari za programu na simu tuzungumze kuhusu ploti. Vijana wengi wa rika langu walioajiriwa Nairobi wana ndoto moja: vyumba vichache vya kupangisha huko Juja, Ruiru, Rongai au Mlolongo, mkopo ujilipe wenyewe kutokana na kodi, na uzeeni mtu asiwe mzigo kwa wanawe. Ndoto ni nzuri. Lakini nikisikiliza watu wakiijadili, naona hesabu ya ushuru inafanywa kwa sentensi moja tu: "Lipa asilimia 7.5 yako, uendelee na maisha."

Mimi sikubaliani na sentensi hiyo. Kwa wengine ni kweli tupu. Kwa wengine ni pesa inayotupwa kila mwezi. Na tofauti baina ya makundi haya mawili unaweza kuipata kwa kikokotoo cha simu, dakika tano tu.

Kwanza sheria yenyewe. Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za makazi ulianza Januari 2016, ukiwa asilimia 10. Kuanzia Januari 2021 ukawahusu wanaopokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na Januari 2024 ukateremka hadi asilimia 7.5. Unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishaulipa umemalizana na serikali juu ya kodi hiyo. Rahisi kabisa. Lakini sikiza vizuri: unatozwa kwenye kodi yote uliyopokea. Huruhusiwi kutoa mshahara wa mtunzaji wa ploti, wala rangi, wala fundi wa mabomba, wala riba ya mkopo hata senti moja.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mpango huu si lazima. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba umechagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida, yaani kodi toa gharama toa riba, kisha faida inayobaki inaunganishwa na mapato yako mengine. Sisi watengenezaji wa programu tunaijua tabia hii: watu wengi hukaa na mlio ule ule ambao simu ilikuja nao kutoka dukani. Asilimia 7.5 ndio mlio wa dukani.

Sasa tupige hesabu. Chukua mtu mwenye mshahara wa kawaida mjini, uliokwisha kuingia katika daraja la asilimia 30 (daraja hilo linaanza pale mapato yanapopita shilingi 32,333 kwa mwezi). Ana bedsita nane za 7,500 kila moja. Tuseme kila chumba hukaa mwezi mmoja bila mpangaji. Basi kwa mwaka anapokea 660,000. Gharama za kuendesha ploti ni 125,000. Kwa mpango wa asilimia 7.5 atalipa 49,500, awe na deni au asiwe nalo.

Mtu wa kwanza alijenga kwa mkopo wa sacco: milioni 3, asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miaka mitano. Mwaka wa kwanza riba yake ni kama 335,000. Faida inayobaki ni 200,000, na asilimia 30 yake ni 60,000. Kumbe huyu, pamoja na deni lake lote, asilimia 7.5 inamfaa zaidi! Akikimbilia utaratibu wa kawaida eti kwa sababu ana mkopo, atapoteza 10,500.

Mtu wa pili alienda benki: milioni 4, asilimia 15 kwa mwaka, miaka kumi. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni kama 587,000. Ukitoa riba na gharama, ana hasara ya 52,000. Kwa utaratibu wa kawaida ushuru wake wa kodi ni sufuri. Kwa mlio wa dukani analipa 49,500, tena anazitoa kwenye mshahara, kwa sababu kodi yote na zaidi imekwisha mezwa na benki.

Ukitaka kanuni ya kubandika ukutani ni hii: kwa mtu wa daraja la asilimia 30, jumlisha riba na gharama. Zikipita asilimia 75 ya kodi uliyopokea, chagua utaratibu wa kawaida. Zisipofika, baki na asilimia 7.5. Huyu mtu wetu wa benki, kodi na gharama zisipobadilika, atanufaika na utaratibu wa kawaida mpaka mwaka wa sita. Kuanzia wa saba riba itakuwa imepungua vya kutosha, na asilimia 7.5 itakuwa nafuu. Na kama riba ya mkopo inapanda na kushuka, hesabu irudiwe kila mwaka. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, kikafika asilimia 13 Februari 2024. Aliyepiga hesabu mara moja tu alikuwa na jibu la zamani.

Kundi la tatu ndilo linaloniuma zaidi: akina mama na wazee wetu wenye ploti ndogo, wasio na mapato mengine. Mama anapokea 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Gharama zake ni 140,000. Zinabaki 280,000. Kwa utaratibu wa kawaida, kiasi hicho kimo ndani ya daraja la asilimia 10, ushuru ni 28,000, na nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka inaufuta wote. Sufuri. Kwa asilimia 7.5 analipa 31,500. Watu wa aina hii ndio wasio na mhasibu, na ndio wanaoambiwa walipe waendelee na maisha.

Lakini utaratibu wa kawaida una masharti yake. Tangu Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliki bila ankara ya eTIMS, kwa hivyo fundi anayekuandikia risiti kwenye karatasi ya daftari hatakusaidia. Riba nayo inakubaliwa tu kwa pesa zilizoingia kwenye ploti. Ukichukua mkopo wa maendeleo ukalipia karo nusu, nusu hiyo haimo. Na hasara ya nyumba haipunguzi ushuru wa mshahara. Inasubiri kodi za miaka ijayo.

Jambo lingine kwa anayepanga kujenga nyumba yake ya kuishi na pia ploti. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe, kutoka taasisi inayotambuliwa na sheria, hupunguza mapato yako ya kutozwa ushuru hadi 360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa Desemba 2024. Kwa mtu wa asilimia 30 hiyo ni nafuu ya hadi 108,000. Kwa hivyo kama una akiba ya kutosha mradi mmoja tu, mara nyingi ni busara akiba ijenge ploti na mkopo ujenge nyumba yako. Wengi hufanya kinyume, halafu riba yao haiwasaidii popote.

Mwaka 2025 KRA ilileta eRITS, mfumo wa kielektroniki wa kulipia ushuru huu, pamoja na milango ya kuunganisha programu zetu na mifumo yao. Ni hatua ya maana. Ombi langu ni dogo: kabla ya kitufe cha kulipa, mwenye ploti aulizwe riba yake na gharama zake, kisha aonyeshwe namba mbili kando kwa kando, halafu achague mwenyewe. Si kazi ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika wikendi moja. Serikali itakosa shilingi kadhaa kwa yule mama, ndio. Lakini ni shilingi ambazo sheria yenyewe haikusema azilipe.

Kabla ya tarehe 20 ijayo, toa kikokotoo. Ukiona namba hazieleweki, mtafute mhasibu wa kodi saa moja tu; atakugharimu kidogo kuliko mwaka mzima wa kulipa kwa mazoea.