Moshi wa Jikoni na Somo la Magonjwa ya Kifua

Mara nyingi mwalimu afundishapo magonjwa ya kifua huandika ubaoni neno "vijidudu", huwataka wanafunzi wafunike mdomo wakohoapo, kisha hufunga somo. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mtoto hubaki hajui kwa nini vijidudu hivyo humshinda mdogo wake, abebwaye mgongoni mwa mama karibu na mafiga.

Njia ya pumzi ina vinyweleo laini vifagiavyo uchafu na vijidudu. Moshi wa kuni huvidhoofisha, na chembe zake ndogo hupenya hadi ndani ya mapafu. Hapo nimonia hupata mlango. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo somo na lianzie jikoni. Wanafunzi watundike vitambaa viwili vyeupe, kimoja katika jiko la shule, kingine barazani mbali na moshi. Baada ya juma moja wavilinganishe. Kisha wajadili yawezekanayo kwao: kukausha kuni, kupanua dirisha, kumweka mtoto mchanga mbali na moto.

Hapana budi mwalimu ajihadhari asimwaibishe mtoto ambaye kwao hawana gesi. Umaskini si uzembe. Lakini somo lisilofika mekoni mwa mzazi bado halijafundishwa.