Maji Yana Kesi ya Meno, Si ya Mawe

Mtu wa Nakuru akishikwa na maumivu ya ubavu usiku, hukumu hutolewa kabla hajafika hospitalini: ni maji. Jirani ataonyesha ukoko mweupe ndani ya birika, ataje meno ya kahawia ya watoto wa Njoro, kisha aulize: maji yanayoharibu meno hivi, figo zitapona vipi? Hoja tamu hiyo. Kwa jiwe la figo la asidi ya yuriki ni ya uongo, tena uongo unaozaa ugonjwa wenyewe.

La kweli tulikubali. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa hutia floridi katika visima vyetu, na vingi huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Huharibu meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka mingi, mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, ndiyo maana Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kesi hiyo ipo, na wenye mamlaka waijibu.

Lakini mawe ya figo si ya aina moja. Mengi ni ya kalisi. Jiwe ninalolisema mimi ni asidi ya yuriki iliyoganda, taka inayobaki mwili unapovunja purini za nyama, hasa maini, figo na matumbo. Mkojo ukiwa mwingi na usiwe mchachu, taka hiyo hutoka bila fujo. Ukipungua na kuchachuka, chini ya pH 5.5, huganda kama sukari chini ya kikombe cha chai iliyopoa. Kitambi na kisukari huuchachua zaidi. Wenye jongo nao wajihadhari.

Sasa twende kwenye nyama choma ya Kikopey Jumapili alasiri. Ubaoni kuna mbuzi choma, chumvi imerundikwa pembeni, mutura umetangulia. Bia zimejaa mezani. Maji ni yale ya kunawa mikono tu. Meza ya pili dereva wa matatu anateremsha supu. Maji hajagusa tangu alfajiri, makusudi, asije akasimamisha gari njiani kwa haja ndogo. Hawa ndio kesho watakaolaumu kisima! Na hapo hapo mtaalamu wa baa atawashauri waongeze bia "isafishe figo". Bia inakojoza, sikatai, lakini inapandisha asidi ya yuriki mwilini.

Ubaya wa imani hii ni kwamba aliyeaminishwa maji ni adui hunywa machache, akageukia soda. Anakimbia jiwe huku akilijenga.

Kichekesho ni kwamba maji mengi ya ardhini huku kwetu yana bikaboneti ya sodiamu, inayopunguza uchachu, ilhali tiba ya jiwe hili ni kuupunguzia mkojo uchachu. Simtumi mtu kunywa floridi wala kulamba magadi. Sodiamu yake hupandisha shinikizo la damu. Daktari hutumia potasiamu sitreti, akipima mkojo hadi ufike pH ya 6 hadi 7, na mara nyingi jiwe huyeyuka bila kisu. Dawa hiyo usijinunulie: figo zikiwa dhaifu, potasiamu ni hatari.

Jua pia kwamba jiwe hili halionekani kwenye eksirei ya kawaida. Ukiambiwa huna kitu na ubavu bado unakuchoma, ulizia ultrasaundi au CT. Likitoka lenyewe, lipeleke maabara lijulikane ni la aina gani. Maumivu yakija na homa, au mkojo ukikatika, nenda hospitali usiku huo huo.

Kinga haina siri. Kunywa maji salama mpaka mkojo uwe mweupe, kiasi cha kutoa lita mbili na nusu kwa siku, labda daktari awe amekuzuia kwa sababu ya moyo au figo. Nyama isiwe ya kila siku. Mursik na maharagwe havina kosa. Tudai maji yasiyo na floridi kwa ajili ya meno ya watoto wetu, tudai kwa sauti. Ila tusiwatwike wahandisi wa maji mzigo wa sahani tuliyoiagiza wenyewe.